Erasmo wa Mwezi wa Juni

Hebu mtazame Serafina Scardina akifika. Ni Ijumaa asubuhi, Februari ya mwaka 1942, mlango wa mahakama ya kaunti ndiyo kwanza umefunguliwa, naye yuko ngazini, koti lake la kwendea kanisani limefungwa vifungo mpaka kooni ingawa hakuna baridi ya kusema. Amelifunga ili afiche harufu. Jana yake alitoka zamu ya kiwanda cha samaki wa kopo akasugua mikono kwa limau, kisha kwa machicha ya kahawa, kisha kwa limau tena, na hata hivyo mlinzi wa mlangoni alikunja pua alipompisha.

"Leseni za mashua ni kaunta ya kule, bibi."

"Sijaja kwa mashua. Nimekuja kumtafuta baba yangu."

"Kapotea?"

"Kafa."

Mlinzi akamwangalia, akaona hatanii, akamwonyesha ngazi za kushukia chini.

Niwaambie kwanza kilichokuwa kimemkaba, maana bila hicho mtamwona kama mwanamke mwenye haraka tu. Mama yake, Vincenza, alikuwa na miaka sitini na mmoja, nyonga mbovu, na kijitabu cha rangi ya waridi chenye picha yake na alama ya kidole, kilichomwita mgeni wa taifa adui. Alikaa nyumba ile ile pale kwetu Port Amador tangu mwaka 1911. Humo alizaa watano, akazika wawili. Vijana wake wawili waliobaki walikuwa baharini kwenye manowari, wamevaa sare za Marekani, na picha zao zilisimama juu ya kabati palipokuwa na redio kabla polisi hawajaichukua. Hayo yote hayakumsaidia kitu. Amri ilisema kila Mtaliano asiye raia aondoke ukanda wa maji kabla ya Jumanne, tarehe ishirini na nne. Nyumba ya Vincenza ilikuwa hatua mia tatu kutoka gatini, na mwenyewe alikuwa ameshatangaza mbele ya mtaa mzima kwamba hatoki ila kwa jeneza.

Wengine walisema hivyo kwa mdomo. Vincenza alikuwa wa kulifanya.

Njia ilikuwa moja. Pale posta alikaa bwana kijana wa serikali, katumwa kuandikisha wageni, na Alhamisi Serafina alimwuliza.

"Mumewe alichukua uraia?" bwana akauliza.

"Alichukua. Baba alisema siku zote."

"Lini?"

"Mimi bado mdogo."

"Basi sikiliza. Kama aliapishwa kabla ya tarehe ishirini na mbili Septemba, mwaka 1922, mkewe aliupata uraia siku hiyo hiyo pamoja naye. Sheria ilibadilika baada ya hapo. Niletee karatasi ya mahakama, nimfute kwenye orodha. Nipo hapa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Jumatatu ni sikukuu, Jumanne ndiyo mwisho."

Kwa hiyo alibaki na Ijumaa. Siku moja ya kumpata marehemu.

Karatasi yenyewe nyumbani haikuwepo. Walipindua masanduku, wakachana bitana ya godoro. Vincenza alikuwa na hakika ilizikwa na mwenyewe, kwenye mfuko wa koti, miaka kumi na mmoja iliyopita. Lakini kwamba ipo hakuna aliyetilia shaka. Kila tarehe tisa Machi Erasmo Scardina alikuwa akimimina mvinyo, anasimama juu ya kiti na kusema, "Leo ndiyo siku niliyomkana mfalme!" Watoto wanapiga makofi, Vincenza anaipua tambi za sadini, maisha yanaendelea. Mtu hatungi sherehe ya kila mwaka kwa jambo lisilokuwepo.

Chini kule alikuwepo karani mmoja, Bwana Ordway, mzee mwembamba mwenye mikono ya sweta iliyotoboka viwiko. Alikuwa amekaa na vitabu vya mahakama miaka thelathini, na aliwaangalia watu kama wanaomkanyagia sakafu aliyotoka kupiga deki.

"Jina?"

"Erasmo Scardina."

Akavuta droo ya kadi, vidole vikatembea, vikasimama. Akavuta kadi moja. Akavuta ya pili. Ya tatu. Akaziweka mezani, zikafika tano, na zote zimeandikwa jina lile lile.

"Kule kwenu," akauliza Bwana Ordway, "majina mengine yalikuwa yameisha?"

Serafina hakucheka, lakini alielewa. Babu wa baba yake, aliyebaki kijijini Isola, aliitwa Erasmo. Babu huyo alikuwa na wana wanne, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume humrithi babu jina, hilo halina mjadala. Kila mwana akamwita wa kwanza wake Erasmo, wote wanne wakakua, wote wanne wakapanda meli wakaja Port Amador. Mtaani hakuna aliyewachanganya. Kulikuwa na Erasmo Chumvi, ambaye alitia chumvi mpaka kwenye tikiti maji. Huyo ndiye baba yake Serafina. Kulikuwa na Erasmo Kengele, mwenye sauti ya kuamsha watu kwa misa. Wa tatu alikuwa Vidole Vitatu, na wa nne Padri, ambaye hakuwa padri hata kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa majina yao ya kweli. Mahakama haikuyajua hata moja.

"Nne hizi," karani akasema, akizigawa kama karata, "ni za karatasi ya kwanza. Mtu anakuja, anatamka kwamba ana nia ya kuwa raia, basi. Hii moja ndiyo imefika mwisho. Karatasi ya pili, mashahidi wawili, mbele ya jaji. Erasmo Scardina wa Port Amador, kaapishwa raia tarehe kumi na nne Juni, 1919."

"Kumi na tisa," Serafina akarudia. "Kabla ya ishirini na mbili."

"Hesabu yako nzuri."

Serafina akashika ukingo wa meza. Hakulia, alikuwa mtu wa kusema na watakatifu kwa ukali, na hapo alimwambia Mtakatifu Yosefu kimoyomoyo kwamba angalau mara hii ameamka mapema.

"Nitakupigia taipu hati ya kuthibitisha," karani akasema. "Jina, mji, tarehe, muhuri. Ndiyo wanayotaka pale posta. Kaa."

Akaketi. Taipu ikaanza kugonga chumba cha pili. Na hapo, wakati ule mtu anapopumua baada ya mbio, neno likaanza kumkwaruza ndani kama mwiba wa samaki kooni. Juni.

Mvinyo wa baba ulikuwa wa Machi; na zaidi ya hapo, sisi wa Port Amador hatuhitaji kuelezwa Juni. Aprili wanaume wote wa baharini walikuwa wakipanda meli za kampuni kwenda Alaska kuvua samoni, na hawakuonekana mpaka Septemba. Mtaa wetu wa kiangazi ulikuwa mtaa wa wanawake. Watoto walizaliwa baba hayupo, vibibi walizikwa baba hayupo. Na Serafina alikuwa na sababu yake ya peke yake ya kuujua mwezi huo: siku yake ya kuzaliwa ilikuwa Juni kumi na moja. Katika maisha yake yote, tangu akili zimwingie mpaka baba alipokufa, Erasmo Chumvi hakuwahi kuiona hata mara moja. Alikuwa akimletea zawadi Septemba, jino la sili wa barafuni au kikombe cha mbao, na kumwambia, "Kwangu mimi umezaliwa leo."

Mwaka wa kumi na tisa alikuwa anatimiza miaka sita. Alikumbuka? Alijitahidi kukumbuka baba akiwa mezani siku ile, alijitahidi sana, akamweka kitini, akamwondoa, akamweka tena.

Taipu iliendelea kugonga.

Angeweza kunyamaza. Karatasi ilikuwa inakuja yenyewe, yeye kazi yake kuipokea tu na kusema asante. Nimemsikia mwenyewe, uzeeni, akisema kwamba alijiambia vile: nyamaza, Fina, kaa kwenye kiti. Lakini alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, ya kupenda kujua hata kinachomwumiza. Akasimama.

"Bwana. Kitabu chenyewe ninaweza kukiona?"

Taipu ikanyamaza. "Kitabu cha nini?"

"Cha huyu wa Juni. Ombi lake."

Bwana Ordway alitokeza kichwa mlangoni. "Binti, miaka thelathini niko hapa. Anayepata anachotaka kwa kawaida huenda nyumbani."

"Najua. Ninaomba kukiona."

Akakileta, akiguna, kitabu kizito cha ngozi, akakifungua ukurasa wake, akarudi kwenye taipu yake. Serafina akasoma kwa kidole. *Jina: Erasmo Scardina. Mahali alipozaliwa: Isola. Umri: miaka ishirini na minne. Kazi: kinyozi. Mke: hana. Watoto: hana.*

Kinyozi. Kengele.

Kengele ndiye pekee kati ya wale wanne ambaye bahari ilimtapisha. Alijaribu msimu mmoja, akarudi kabebwa kama mtumba, akafungua kiti cha kunyoa nyuma ya duka la mkate, na wanaume walimtania mpaka wakachoka. Juni yote alikuwa mjini, yeye na vizee na makasisi. Bila shaka aliweza kwenda kwa jaji. Mwaka wa ishirini na moja alirudi Isola, akaoa, na barua yake ya mwisho ilifika kabla Serafina hajamaliza shule.

Akamwita tena karani, akaomba na kile kitabu cha karatasi za kwanza. Safari hii Bwana Ordway alikileta bila kuguna. Na humo alikuwemo baba yake, mzima mzima: mvuvi, miaka ishirini na tisa, kovu kidevuni, mke Vincenza. Tarehe tisa Machi, 1912. Chini yake sahihi iliyochongwa kama na shoka. Alikuwa ametamka kwa kiapo kwamba ni nia yake kumkana milele mfalme wa Italia. Nia. Na pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba karatasi ile hufa baada ya miaka saba.

Hakuna aliyemdanganya. Alisimama mbele ya karani, akainua mkono, akamkana mfalme, akapewa karatasi yenye picha ya tai. Kwake yeye kiapo kilikuwa kiapo. Nani angemwambia kwamba huo ulikuwa mlango wa kwanza tu, na kwamba wa pili hufunguliwa mwezi ambao yeye yuko Alaska? Wangapi wa kwetu walikosea hivyo hivyo, wakapiga mpaka kura, sitaki kuwahesabu.

"Hati yako hii," Bwana Ordway akasema.

Aliiweka juu ya vitabu viwili vilivyo wazi. Macho yake yalipita kwenye ukurasa mmoja, yakapita kwenye wa pili, na Serafina aliona kwamba ameona.

"Mimi nimeandika kilichomo kwenye kadi," mzee akasema taratibu. "Kadi ni ya kweli. Muhuri ni wa kweli. Huyo mtu ni nani wako, kadi haisemi, nami sikuulizwa. Pale posta ndipo watakapouliza."

"Na nikikuuliza wewe?"

"Mimi nafunga saa kumi na moja." Akavifunga vitabu, kimoja, kisha kingine. "Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sitini na mmoja."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye giza lake la makabati.

Serafina alifika nyumbani jioni watu wakipika. Njiani, kwenye basi, alikuwa ameshajipangia: atatoa karatasi, hatasema lolote. Mama atakwenda kesho akiamini, na anayeapa akiamini hajaapa uongo. Dhambi, kama ipo, ni ya Serafina, na yeye anaweza kuibeba. Amebeba makreti mazito kuliko hayo.

Vincenza aliipokea hati kwa mikono miwili. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini jina alilijua sura. Akalibusu. Kisha akapiga kelele moja iliyovuka ua, na kabla tambi hazijaiva jikoni kulikuwa na majirani sita, na mbele yao Pippina.

Shangazi Pippina, dada wa marehemu, naye pia alikuwa na kijitabu cha waridi. Masanduku yake yalishafungwa kamba.

"Haya, raia," akamwambia wifi yake. "Tuonyeshe basi hiyo ngozi yako mpya."

"Itazame, usiishike, mikono yako ina mafuta."

"Mafuta yangu yamemlea kaka yangu kabla hajakuona wewe." Pippina akaiinamia. Kiingereza naye hakukijua, lakini namba na miezi mtu hujifunza, barua za Alaska zilikuwa na tarehe. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akanyoosha mgongo.

"Juni," akasema.

"Juni nini?"

"Hapa pameandikwa Juni. Kumi na nne Juni." Akawageukia wanawake wengine. "Haya niambieni. Nani kati yenu alimwona Chumvi mjini mwezi wa Juni? Mimi ni dadake, sijawahi."

Sufuria peke yake ilikuwa inasema.

"Labda mwaka ule alichelewa kuondoka," mmoja akajaribu.

"Mwaka ule," Pippina akasema, na sauti ikamshuka, maana hakuwa mtu mbaya, ulimi tu ndio uliomtangulia, "mwaka ule ndio uliomzika Tanino."

Tanino alikuwa mmoja wa wale wawili waliozikwa. Alikufa Juni, wa miezi saba, na baba yake alipata habari kwa barua.

Vincenza hakumtazama Pippina. Alimtazama binti yake, na Serafina akatazama sufuria.

"Nendeni makwenu," Vincenza akasema. "Chakula hakiwatoshi."

Walipotoka, akaketi.

"Ni ya nani?"

"Mama..."

"Fina. Ni ya nani?"

"Ya Kengele."

Halafu Serafina akasikia sauti ambayo hakuitegemea: mama yake alikuwa anacheka, kicheko kikavu cha puani.

"Kengele! Unajua alitaka kunioa? Kabla ya baba yako, kule Isola, kitoto cha miaka kumi na mitano, mimi tayari mwanamke mzima. Alisimama chini ya dirisha akaimba, mbwa wa kijiji kizima wakamjibu. Nilimmwagia maji ya viazi. Na leo mwanangu mwenyewe ananiozesha kwake!"

"Mama, hakuna anayejua. Kengele yuko ng'ambo, labda kashakufa. Hati ni halali. Pippina hatasema."

"Pippina atasema usingizini."

"Basi aseme! Unajua utakwenda kulala wapi Jumanne? Nimepaona. Ni banda la kuku la yule mwenye shamba la mapichi kule bara, wamelipiga chokaa. Na nyonga hiyo! Ni kusema ndiyo moja tu, Mama. Moja."

Vincenza aliichukua hati, akaikunja, akaiweka nyuma ya picha ya Mtakatifu Yosefu, mahali palipowekwa maombi ya wagonjwa na kesi na watoto walio safarini.

"Tutaona kesho," akasema, akaanza kupakua tambi.

Asubuhi foleni ya posta ilifika barabarani. Walisogea hatua kwa hatua, Vincenza na fimbo yake, Serafina amemshika kiwiko, Pippina nyuma yao akipumua kwa nguvu. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Saa tano na nusu. Kila mara Serafina alipomgeukia mama yake aliona uso mtupu kama sahani iliyooshwa.

Wakafika. Bwana kijana akaipokea hati, akaisoma, akaiinua kwenye mwanga kuutazama muhuri. Akatabasamu; nadhani hakuwa amepata cha kumfanya atabasamu wiki nzima.

"Vizuri sana. Hii inatosha. Mwambie mama ainue mkono wa kulia. Mwulize kama Erasmo Scardina huyu, aliyeapishwa tarehe hii, ndiye aliyekuwa mume wake."

Serafina akamtafsiria mama yake, neno kwa neno. Vincenza akainua mkono. Mkono ule ulikuwa na alama ya kisu cha samaki kuanzia kidole gumba mpaka kifundo. Akasema kwa lugha yetu, polepole, kama anayesema na mtoto:

"Hapana. Huyu ni binamu yake. Mwezi wa Juni mume wangu alikuwa Alaska."

Bwana kijana hakuelewa hata neno. Alimtazama Serafina, kalamu tayari, akingoja.

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Nyuma yao Pippina alikuwa amesikia, na aliacha kupumua. Watu kumi wengine walisikia, wa kwetu wote, na hakuna aliyekohoa. Kila mmoja angekubali kuwa kiziwi siku hiyo kwa ajili ya Vincenza. Mwenye kuvuka daraja kati ya lugha mbili alikuwa Serafina peke yake.

"Anasema ndiyo," Serafina akasema kwa Kiingereza.

Sasa, Vincenza alikuwa Marekani miaka thelathini na mmoja na Kiingereza hakikumwingia. Lakini "ndiyo" na "hapana" hata paka wa gatini wanajua. Fimbo ikagonga kaunta.

"No!" akapaza sauti, kwa Kiingereza chake chote. "No! No!"

Tabasamu la bwana kijana likafifia. Akamtazama mama, akamtazama binti. Kalamu akailaza. Wakati ule wa vita kwa uongo wa kiapo walikuwa wanafunga watu, na Serafina alilijua hilo.

"Bibi Scardina," bwana akasema kwa sauti ndogo. "Nitauliza mara moja tena. Kasema nini?"

Serafina akahisi mkono wa mama yake umeshika koti lake kwa nyuma, unaminya, kama alivyokuwa akimshika utotoni kwenye ukingo wa gati.

"Kasema siye. Ni binamu. Baba hakuwahi kufika kwa jaji. Yale ya kwanza niliyasema mimi, si yeye."

Bwana kijana aliishika ile hati muda mrefu. Mahali pa kuandika alipaacha patupu. Akaikunja, akaisukuma juu ya kaunta mpaka ikamgusa Serafina vidole.

"Sikusikia vizuri mara ya kwanza," akasema. "Kuna kelele humu." Kelele haikuwepo. "Basi ni Jumanne, mama. Anayefuata."

Jumanne wakaondoka, na Vincenza hakutoka kwa jeneza. Alitoka kwa lori la mwenye mapichi, ameketi mbele na picha za vijana wake mapajani, Pippina kati ya masanduku nyuma akigombana na dereva. Alikaa bandani miezi minane. Chokaa haikuondoa harufu ya kuku, na joto la kule bara kiangazi lilikuwa la tanuri. Oktoba Wataliano wakafutwa kwenye orodha ya maadui, akarudi. Lakini ngazi za nyumba yake hakuzipanda tena bila kushikwa, na baada ya miaka miwili hakuzipanda kabisa. Hakuwahi kumlaumu binti yake wala kumshukuru. Mara moja tu, huko bandani, Serafina akimsugua nyonga kwa siki ya moto, alisema huku kageukia ukuta:

"Ungekiacha kile kitabu kimefungwa, ningeapa na roho yangu nyeupe, nikalala kitandani pangu."

"Pippina angeisoma Juni hata hivyo, Mama."

"Ningemwambia Pippina kwamba mahakama inajua kuliko yeye. Na ningeamini." Akasogeza mguu. "Sugua hapo chini kidogo."

Serafina alifanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa, akaolewa, akaozesha wanawe, akazika mume. Na kitu kimoja kikamfuata uzeeni. Watu wakaanza kumjia: wajukuu wa wale wa Alaska, waliokulia miji ya mbali, wanataka kujua babu alitoka wapi, alifika lini, aliapa lini. Yeye ndiye aliyejua droo zilipo na majina ya mtaani ya kila marehemu. Aliwakaribisha, aliwapikia, aliwapa kahawa. Kisha, kabla hajavaa koti kwenda nao mahakamani, aliwauliza swali moja, na hakunyanyuka mpaka wamjibu. Vijana wengi walilicheka, wakidhani bibi anawapima akili.

"Unataka kadi," alikuwa akiwauliza, "au unataka kitabu?"

Mimi aliniuliza pia, nami nilijibu haraka, kama wanavyojibu vijana, na siku nyingine bado najiuliza kama nilijibu sawa. Wewe je, ungemwambia nini?